Maana ya Sura ya Asili Isiyong'aa katika Rimu za Alumini

Sura ya asili isiyong'aa ni mwonekano wa kijivu cheupe unaobaki kwenye rimu ya alumini baada ya rangi na vanishi ya kiwandani kuondolewa na metali yenyewe kusuguliwa kwa usawa. Rimu zinazopulizwa rangi ya fedha katika gereji nyingi za Dodoma haziingii katika maana hii, kwa kuwa kinachoonekana pale ni rangi tu.

Uso uliosafishwa hadi ukawa laini kabisa hurudisha mwanga upande mmoja, ndiyo maana hung'aa. Uso wenye mikwaruzo midogo, mingi na inayolingana huutawanya mwanga pande zote, na jicho huona kijivu tulivu. Kazi yote, kwa hiyo, imo katika kuilinganisha mikwaruzo. Fundi anaweza kuanza na msasa namba 220 (kadiri namba inavyopanda, ndivyo msasa unavyokuwa laini zaidi) ili kufuta makovu ya kugonga kingo za barabara, akaendelea na 320 na 400, kisha akamalizia kwa 600 pamoja na maji, akifuata mzunguko wa rimu, huku akihakikisha kwamba kila hatua imefuta alama zote za hatua iliyotangulia. Haraka ndiyo huharibu kazi hii, kwani mkwaruzo mmoja wa 220 ulioachwa nyuma utaonekana wazi gari likiwa juani. Kwa rimu zenye spoku nyingi nyembamba, kupuliza shanga ndogo za kioo kwa kompresa ni bora kuliko mkono, kwa sababu hufika kwenye kona na haziachi mistari. Ukingo ambapo tairi huziba upepo, matundu ya nati na uso unaokaa kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) havisuguliwi.

Kuondoa rangi ya zamani kunahitaji tahadhari. Kostiki soda huila alumini na kuiacha nyeusi. Moto wa gesi ni hatari zaidi: rimu nyingi ni aloi ya alumini yenye silikoni ipatayo asilimia 7 na magnesi kidogo, iliyopewa nguvu kwa joto la vipimo maalumu, na mwali wa moto unaweza kuidhoofisha bila kuacha dalili ya kuonekana kwa macho. Rimu zilizopakwa kromu zisisuguliwe kabisa, kwani vumbi lake lina madhara kwa mapafu.

Alumini iliyoachwa wazi hujitengenezea mara moja utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu, nao huikinga ndani ya pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya takribani 4 hadi 8.5. Hapa ndipo swali la kupaka vanishi tena au kutopaka linapozuka. Vanishi inayong'aa huiondoa sura iliyotafutwa, na ile isiyong'aa, ingawa inafaa kwa macho, hudonolewa na changarawe. Pakipita unyevu na chumvi chini yake, kutu nyeupe hutambaa kama nyuzi, na tiba yake ni kuibandua vanishi yote na kuanza upya. Pwani, penye hewa ya chumvi, kinga ya vanishi bado ina maana. Dodoma, ambako hewa ni kavu na mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, naona ni busara zaidi kuiacha metali wazi na kuipaka nta, hasa kwa gari linalopita barabara za vumbi za vijiji vya Bahi na Chamwino.

Uamuzi huo una sharti lake. Sabuni ya unga ya kufulia na tindikali za kung'arishia rimu hutoka nje ya pH iliyotajwa, hivyo itumike sabuni laini ya maji. Maji ya visima yenye chumvichumvi hayafai kuachwa yakaukie kwenye rimu, kwani huacha madoa meupe. Yafutwe kwa kitambaa mara baada ya kuosha. Doa likikataa kutoka, lisuguliwe kwa msasa wa 600 uliolowa, kwa mwelekeo uleule wa mwanzo, na eneo hilo lipakwe nta tena.