Ukimtafuta John, anza na mkewe

Kazi yangu ni kuwatafutia watu mababu zao wa Kiskoti, na karibu kila mwezi naletewa John. John Campbell wa Argyll, John Smith wa Banffshire, John Macdonald wa kisiwa ambacho mjukuu aliyeniandikia hakikumbuki tena. Mteja ana jina, ana mwaka wa kukisia, na ana furaha: kaingia kwenye ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za Uskoti, kaandika jina, kapata ubatizo wa mwaka unaofaa. Basi, babu kapatikana. Inabidi mimi nimwambie kwamba parokia ile ile, ndani ya miaka mitano, ilibatiza akina John Campbell wengine watatu, na wake huenda ni wa tano, ambaye hakuandikwa popote.

Hilo la kutoandikwa lisikushangaze. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo nchini Uskoti tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo tunategemea madaftari ya Kanisa la Uskoti, parokia takriban 900. La zamani kuliko yote ni la Errol, Perthshire, la mwaka 1553, lakini mengi yanaanza baadaye sana, hasa Nyanda za Juu na visiwani. Waliojitenga na kanisa hilo mwaka 1733, na wengine 1761, mara nyingi walibatiza watoto wao kwingine. Kisha kuanzia 1783 hadi 1794 kulikuwa na ushuru wa peni 3 kwa kila jina linaloingizwa daftarini. Kwa kibarua wa shamba hizo si hela za kuchezea. Mtoto alibatizwa, kalamu haikuguswa.

Sasa, siri ya kazi hii ni ndogo, nami naitoa bure. Mwanamume mwenye jina la kila mtu humkamati kwa jina lake. Unamkamata kwa jina la mkewe. Mwanamke wa Kiskoti aliolewa akabaki na jina la kwao, na karani wa parokia kwa kawaida aliliandika. Kwenye madaftari mengi ya Uingereza ya wakati huo utakuta mtoto wa John na Mary, basi, uhangaike. Upande wa Uskoti utakuta mtoto halali wa John Campbell na Janet McIntyre, na mara nyingi jina la shamba walipokaa. Akina John Campbell ni wengi kama kunguru. Aliyemwoa Janet McIntyre na kuishi shamba lile, mara nyingi ni mmoja.

Kwa hiyo sitafuti mtu, natafuta nyumba. Nakusanya ubatizo wa kila mtoto wa jozi hiyo kwa miaka ishirini na zaidi, naupanga kwa tarehe. Watoto wawili wakipishana miezi mitano, hapo pana Janet wawili. Pengo la miaka sita katikati? Labda walihama, labda ni ile miaka ya ushuru. Nasoma pia mashahidi, maana mara nyingi ni ndugu na majirani, na shahidi mwenye ukoo wa McIntyre ni kama taa gizani. Halafu angalia neno dogo lililo kabla ya jina la shamba: aliyeandikwa “of” kwa kawaida ndiye mwenye ardhi, aliyeandikwa “in” ni mpangaji tu. Wateja wengi wangependa ya kwanza. Wengi wanapata ya pili.

Majina ya watoto nayo yanasema. Kwa desturi, mwana wa kwanza alikuwa somo wa babu mzaa baba, wa pili wa babu mzaa mama, wa tatu wa baba yake. Wasomaji wangu Wakikuyu hapa hucheka, kwa kuwa wavulana wawili wa mwanzo ni vile vile kabisa. Tofauti iko kwa binti wa kwanza, ambaye Waskoti walimpa jina la bibi mzaa mama. David Livingstone tunayemjua kwa Ujiji, mtoto wa pili wa Neil na Agnes, aliyezaliwa Blantyre mwaka 1813, alichukua jina la babu yake mzaa mama, mshonaji David Hunter. (Na ujanani alijiandika Livingston, bila ile “e” ya mwisho. Ukishikilia tahajia moja umepotea. Donald anageuka Daniel, Janet anageuka Jessie, Patrick ni Peter.) Lakini desturi si sheria. Inakuonyesha pa kuchimba tu.

Mahali pazuri pa kuanzia ni vyeti vya vifo vya 1855 na kuendelea. Mzee aliyekufa mwaka 1858 akiwa na miaka 80, cheti chake kina nafasi ya jina la baba na la mama, pamoja na ukoo wa mama huyo, aliyejifungua miaka ya 1770. Ila tazama nani alitoa habari. Mwana, sawa. Mkwe au jirani, weka alama ya kuuliza.

Hatua inayorukwa sana ni kuhakikisha mtoto aliishi. Niliwahi kuiruka mwenyewe. Nilimpa mteja John aliyebatizwa vizuri, wazazi sahihi, shamba sahihi. Miezi kadhaa baadaye, nikitafuta jambo jingine katika hesabu za wazee wa kanisa la parokia ile, nikakuta malipo ya kukodi kitambaa cheusi cha kufunikia jeneza: mtoto wa John Campbell, wa shamba lile lile. Rejista za maziko zilikuwa chache, na mara nyingi kitambaa hicho ndicho ushahidi pekee wa kifo. Nikarudi kwenye ubatizo, nikasogea miaka minne mbele. John mwingine, wazazi wale wale, amepewa jina la marehemu kaka yake.

Mteja alikuwa keshachora mti wa ukoo na kuutundika sebuleni. Nilimwandikia kwa aibu. Akajibu kwamba amefuta tarehe moja tu kwa penseli. Janet McIntyre alibaki pale pale.