Moshi wa Serikali Uko Wapi? Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Ukaa wa Taasisi za Umma Uganda

Dhana: Ofisi za serikali zikizima taa na viyoyozi, kazi kubwa imekwisha.

Ukweli: Ushauri huo unazifaa zaidi nchi zinazozalisha umeme kwa makaa ya mawe. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi yetu hutokana na maji ya Mto Nile, kuanzia bwawa la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954 hadi Karuma lenye uwezo wa megawati 600, kwa hiyo taa iliyozimwa Kampala hupunguza zaidi gharama kuliko ukaa, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayoongeza joto duniani. Umeme unapokatika ndipo mambo hubadilika, kwa maana jenereta huwashwa, na kila lita ya dizeli inayochomwa hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi.

Dhana: Kuni hazina madhara kwa sababu miti huota tena.

Ukweli: Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa kuliko zote, kwa kuwa shule za bweni, magereza na kambi za jeshi hupika posho (ugali) na maharage kwa mamia ya watu kila siku, na aghalabu hupika kwa kuni. Ukaa uliotoka mti ulipochomwa hunaswa tena pale tu mti mwingine unapoota au kupandwa, ukatunzwa na kuachwa ukue kwa miaka mingi, jambo ambalo halifanyiki mahali ambapo misitu inakatwa kwa kasi kuliko inavyoota. Kabla ya hapo, wapishi wamekwisha kuvuta moshi huo. Taasisi inayotenga bajeti ya kuni kila muhula inaweza kuzielekeza fedha hizo kwenye majiko banifu makubwa yanayotumia kuni kidogo, biogesi (gesi ya kupikia) ya samadi na vyoo, au sufuria za umeme. Hata kuloweka maharage usiku kucha, jambo lisilohitaji zabuni yoyote, hupunguza kuni kwa kiasi kinachoonekana.

Dhana: Usafiri wa serikali hauwezi kubadilika hadi magari yote yawe ya umeme.

Ukweli: Magari ya umeme yanatufaa, maana yatachajiwa kwa umeme wa maji, na Kiira Motors, kampuni ya umma, tayari imeunda basi la umeme la Kayoola. Hata hivyo, maofisa watano wanaokwenda semina moja Mbarara wanaweza kupanda gari moja leo hii, na kamati ya ununuzi inaweza kulinganisha magari kwa mafuta yatakayotumika miaka yote ya utumishi wake, badala ya kutazama bei ya dukani pekee.