Leza Hairudishi Ute Kwenye Taya, Jamani

Leza hii ya nguvu ndogo tunayowamulikia wenye arthritisi ya taya (kiungo cha taya kusagika na kuuma) hairudishi ute, yale majimaji ya kulainisha kiungo. Haioteshi gegedu (ile nyama ngumu laini inayofunika ncha za mfupa) lililosagika, haichongi mfupa, na sio ile leza ya kukatia nyama teata. Nalisema tena kwa sababu nimechoka kuona mtu anapanda Coaster kutoka Tunduma au Tukuyu, baridi yote hii ya Mbeya, kashika eksirei mkononi, ananiambia dokta nipige mionzi ute urudi, kumbe kuna mahali keshalipia "dozi nzima ya ute" na taya bado inakwaruza kama ina mchanga ndani.

Ni mwanga tu. Mwekundu au infraredi, nanomita 600 hadi 1000 hivi, nguvu ndogo, mara nyingi chini ya miliwati 500, ndio maana husikii hata moto. Unamulikwa mbele ya sikio, mitokondria, yaani vile viwanda vya nishati ndani ya seli, zinaunyonya, na hapo maumivu na uvimbe vinaweza kupungua. VINAWEZA.

Kinachoniudhi zaidi ni hiyo eksirei. Mtu anaoneshwa kichwa cha taya kimebapa, kimeota kijimwiba, anaambiwa umesagika, basi anaacha hata kucheka. Wakati nina wazee picha zao zinatisha na wanatafuna mahindi ya kuchoma bila shida, halafu anakuja binti picha yake safi kabisa na mdomo haupitishi vidole viwili. Picha na maumivu haviendi pamoja, sasa ukitibu picha utamulika mpaka mwakani, mfupa utabaki vilevile. Mimi nauliza unakula nini, unalalaje, unasaga meno usiku, mdomo unafunguka milimita ngapi (40 na kitu ni sawa).

Na kuna jambo hatupendi kuwaambia wagonjwa. Arthritisi ya taya mara nyingi inatulia yenyewe taratibu, maumivu yanapungua hata kama mfupa umeshabadilika umbo. Kwa hiyo mtu akimulikwa wiki kadhaa akapata nafuu, siwezi kuapa kwamba ni leza. Kwenye tafiti wanawapa wengine leza iliyozimwa bila wao kujua, na nao wanapata nafuu, tafiti nyingine leza inashinda kidogo, nyingine wanatoka sare. Dozi nayo kila mtu na yake, jouli (kipimo cha nishati ya mwanga) chache huyu, nyingi yule, na ukizidisha faida inaweza kupotea. Bado naitumia, maana haina madhara makubwa na kwa mzee ambaye dawa za maumivu kama diklofenaki zinamuumiza tumbo au figo, nafuu hata ndogo ni kitu.

Ila inakuja baada ya mambo ya kwanza: chakula laini, miwa na kande ngumu pembeni, kitambaa cha moto, mazoezi ya taya, kifaa cha kuvaa usiku kama unasaga meno. Ukija kumulikwa utavaa miwani maalum ya macho, na kama umewahi kuwa na saratani maeneo ya kichwa au shingo niambie kabla sijawasha mashine.