Soya Mbichi Haina Nafasi Bwawani: Chakula cha Mimea na Utumbo wa Samaki

Miezi mitano bwawani, na sato bado hajazidi kiganja cha mtoto. Mama aliyeniita kwake, upande wa Kasulu, alikuwa amefuata yote aliyofundishwa: bwawa limechimbwa vizuri, maji yana ukijani, vifaranga ni madume watupu, chakula asubuhi na jioni. "Wanakula, mwanangu, tena kwa fujo. Ila hawanenepi," aliniambia.

Tulivua mmoja, tukampasua juu ya jani la mgomba. Utumbo ulikuwa umejaa, lakini hata sehemu ya mwisho, karibu na tundu la haja, vipande vya soya vilikuwa bado vinatambulika kwa macho. Nikamuuliza soya ameikaanga vipi. Akasema hakuikaanga, kwa sababu aliyemuuzia mchanganyiko alimwambia moto unaua protini.

Kauli hiyo nimeikuta kwenye mabwawa mengi mkoani Kigoma, na inawatia watu hasara kubwa. Hakuna mama wa Kasulu anayempa mtoto maharage mabichi. Soya ni ndugu ya maharage, na ikiwa mbichi ina vizuizi vinavyokikamata kimeng'enya cha tripsini, kile kinachokata protini utumboni. Tripsini ikikamatwa, protini uliyoinunua kwa fedha nyingi inapita moja kwa moja na kutoka na kinyesi. Samaki anashiba, lakini mwili wake una njaa.

Sisemi turudi kwenye dagaa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike na kuzaliana, na kila aliyekuwa akisaga dagaa kuwalisha samaki aliona jinsi alivyoutegemea mtumbwi wa mwenzake. Zaidi ya hapo, dagaa wa mialo ya Kibirizi na Katonga, pale Kigoma, ni mboga ya watu. Kumlisha sato dagaa wengi huku mtoto wa jirani hana kitoweo ni jambo ambalo mimi binafsi silipendi. Sato anaweza kukua vizuri kwa chakula ambacho sehemu yake kubwa ni mimea, na maumbile yenyewe yamemwandaa. Tumbo lake hutoa tindikali kali sana, kipimo cha pH kinaweza kushuka chini ya 2, na kwa tindikali hiyo huvunja kuta za mwani. Utumbo wake ni mwembamba na mrefu, mara kadhaa ya urefu wa mwili, umejikunja kama kamba iliyoviringwa. Ndani yake wamo bakteria wanaomtengenezea vitamini B12, ndiyo maana si lazima umtilie vitamini hiyo kwenye chakula.

Kambale si hivyo. Utumbo wake ni mfupi, hupendelea zaidi kula nyama, na anahitaji protini nyingi zaidi. Anayechanganya chakula kimoja kwa bwawa la sato na la kambale anamwonea mmoja wao.

Mfano mzuri wa mpaka wa mimea unatoka Norwei, kwa samaki aina ya salmoni. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha salmoni huko ilitoka baharini. Kufikia 2013 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 30, na nafasi yake ikachukuliwa na mimea. Katika safari hiyo watafiti waligundua kwamba unga wa kawaida wa soya huwasha sehemu ya nyuma ya utumbo wa salmoni. Mikunjo ya ndani, ambayo ndiyo inayofyonza chakula, hufupika na kuvimba. Saponini, kemikali inayotoa povu, imeonekana kuwa na mchango mkubwa katika uvimbe huo, na hiyo haiondoki kwa moto. Sato anavumilia soya kuliko salmoni, lakini na yeye ana kikomo. Ndiyo maana sipendi kuona soya ikibeba chakula chote peke yake.

Mshirika wake wa karibu ni mashudu ya alizeti. Protini hujengwa kwa viungo vidogo, viwili kati yake ni lisini na methionini. Soya ina lisini nyingi na upungufu wa methionini, alizeti ni kinyume chake, kwa hiyo zikichanganywa zinazibiana pengo. Sato wa kunenepesha hutosheka na protini ya asilimia 28 hadi 32, na mchanganyiko huo pamoja na pumba na dagaa kidogo unafika hapo. Mashudu ya mise, yaani kiini cha mbegu ya mchikichi, tunayo kwa wingi kwa sababu ya mawese yetu, na bei yake inavutia, ila yana nyuzinyuzi nyingi na lisini ndogo. Mimi hushauri yasizidi moja ya tano ya chakula, na vifaranga wasipewe kabisa. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu inayodhoofisha uzazi, hivyo usiwape samaki wazazi.

Sasa moto wenyewe. Loweka soya usiku kucha, mwaga maji yale, kisha chemsha dakika 30 kuanzia maji yanapotokota. Anika hadi ikauke kabisa ndipo usage. Ukipenda kukaanga, koroga bila kuacha hadi ipate rangi ya kahawia hafifu na harufu kama ya karanga. Ikiungua umeharibu, kwa maana lisini hufungwa na samaki hawezi kuitumia. Moto mwingi kupita kiasi ni hasara sawa na kukosa moto.

Kuna kipimo cha nyumbani ambacho naomba kila mfugaji akijue. Tia vijiko viwili vya soya iliyosagwa kwenye chupa, ongeza kijiko kimoja cha mbolea ya urea na maji kidogo, funga, subiri dakika 20, kisha fungua unuse kwa mbali. Harufu kali ya amonia ina maana soya bado ni mbichi. Ikiwa imeiva, harufu hiyo haitokei au ni ndogo sana. Mchanganyiko wa kipimo umwage mbali na bwawa.

Pumba nayo ina kasoro yake. Sehemu kubwa ya fosforasi yake imefungwa kwenye fitati, kemikali ya mbegu inayoishikilia, na samaki hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Mifupa inakosa, na fosforasi ile inatoka na kinyesi na kurutubisha mwani bwawani. Kulowekwa na kuchachushwa siku moja au mbili kabla ya kulisha hupunguza fitati. Ila uchachu ni tofauti na ukungu. Mahindi au mashudu ya karanga yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo hushambulia ini la samaki, na jiko la kawaida haliiondoi. Yatupe, hata kama roho inauma.

Mtazame samaki wako kila wiki. Kinyesi kirefu cheupe chenye ute, tumbo kuvimba, au kula kwa wingi bila kuongezeka uzito ni dalili za utumbo kusumbuka. Dalili hizo hizo huletwa pia na minyoo, na kinyesi cheupe huonekana kwa samaki mwenye njaa, kwa hiyo usikimbilie dawa. Kwenye mabwawa ya nyanda za juu, Buhigwe na Kasulu, maji ya asubuhi yakiwa ya baridi umeng'enyaji hupungua. Subiri jua lipashe maji ndipo ulishe.

Ukiona dalili, mletee ofisa uvuvi wa wilaya yako samaki watatu wakiwa hai kwenye ndoo ya maji ya bwawa hilo hilo, pamoja na kikombe cha chakula unachowapa na kikombe cha soya kabla hujaichanganya.