Wekundu wa Machi si ndege wapya

Kila mwaka kaskazi inapokaribia kuisha, watu wa Watamu, pwani ya Kenya, huniambia kwamba Hori ya Mida imeingia ndege wapya, wekundu. Sivyo. Ni vitwitwi walewale wa kijivu waliokuwa wakidonoa tope tangu Septemba.

Subiri maji yapwe, kisha mtazame mmoja kwa darubini. Mdomo wake mrefu umepinda kidogo kwenda chini, kama sindano ya kushonea magunia. Mwezi wa Januari kifua chake ni cheupe. Machi kinaanza madoa ya rangi ya matofali, na kufikia Aprili wengine ni wekundu kifua kizima. Manyoya ya zamani yanang'oka, mapya yanaota. Hilo ni vazi la kuzalia, huko Siberia ya kaskazini kabisa.

Siku hizo hula bila kupumzika, wanaweka mafuta ya safari. Ukiwafukuza kwa kelele, au mbwa akiwakimbiza, unawanyang'anya akiba hiyo. Tafadhali, kaeni mbali nao.

Na wale wanaobaki kijivu hadi Juni si wagonjwa. Wengi ni wachanga, hawajafikia umri wa kuzaa.