Kama Mungu alipanga, Yuda ana kosa gani? Dhana potofu kuhusu msalaba

Kwaresima ikikaribia mwisho, swali hili huanza kuzunguka Dar es Salaam. Utalisikia kwenye jumuiya Kinondoni, ndani ya daladala ya Mbagala mhubiri akishashuka, na kijiweni Ilala ambako Mkristo na Muislamu hunywa kahawa wakiwa benchi moja. Kama kusulubiwa kwa Yesu ulikuwa mpango wa Mungu, waliomuua wana kosa gani? Na ninyi Ijumaa Kuu mnalia nini?

Kwa Muislamu, tukio lenyewe halikuwa kama Wakristo wanavyolisimulia. Aya ya 157 ya Suratun Nisaa inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Huo ni mjadala mwingine na sitaugusa. Hapa nazungumzia yanayoaminiwa ndani ya Ukristo, kwa sababu hata humo ndani, tena kwenye viti vya mbele, husemwa mengi ambayo Biblia na mapokeo ya makanisa hayayasemi.

DHANA: Msalaba ulikuwa mambo kwenda mrama. Yesu alikuja kufundisha, wakubwa wakamkamata, Mungu akaokoa jahazi kwa kumfufua.

Agano Jipya halisimulii hivyo. Katika Injili ya Marko, Yesu anatabiri kifo chake mara tatu kabla hajafika Yerusalemu, katika sura ya 8, ya 9 na ya 10. Wapo wanazuoni wanaodhani kanisa la mwanzo liliyapa maneno hayo umbo lake baada ya tukio, na mjadala huo unaendelea. Ila kuhusu imani yenyewe hakuna utata. Siku ya Pentekoste, wiki saba baada ya Pasaka, Petro alisimama katika mji uleule na kusema Yesu alitolewa "kwa shauri la Mungu lililokusudiwa". Waraka wa kwanza wa Petro unaenda mbali zaidi: Kristo alijulikana tangu zamani, kabla haijawekwa misingi ya dunia.

DHANA: Basi Yuda alifanya kazi ya Mungu. Asingesaliti, tungeokokaje?

Hili ndilo linalopendwa zaidi vijiweni, na anayelisema huwa anatabasamu kama aliyefunga mjadala. Rudi kwenye ile sentensi ya Petro uimalize. Baada ya "shauri la Mungu lililokusudiwa" anaendelea: "ninyi mkamsulibisha kwa mikono ya watu wabaya, mkamwua." Mpango na hatia vimekaa ndani ya sentensi moja, na Petro haoni haja ya kuomba radhi. Yesu mwenyewe alifanya vivyo hivyo mezani (Mathayo 26:24): Mwana wa Adamu aenda zake kama alivyoandikiwa, lakini ole wake mtu yule anayemsaliti.

Na dhana kwamba bila Yuda wokovu ungekwama haisimami hata kwa masimulizi ya Injili. Makuhani wakuu walikuwa wameshakula njama ya kumuua kabla Yuda hajawaendea, naye Yesu alikuwa akifundisha hekaluni mchana kweupe, kila mtu akimjua. Alichouza Yuda ni nafasi ya kumkamata usiku, mbali na umati. Bei ilikuwa vipande 30 vya fedha, kiasi kilekile ambacho sheria ya Musa ilimtaka mtu alipe ng'ombe wake akimuua mtumwa wa mwenzake kwa pembe (Kutoka 21:32). Hakuna aliyemlazimisha. Yeye ndiye aliyeuliza, "Ni nini mtakachonipa?"

Makanisa yanapotaka kueleza jambo hili huanzia mbali kabisa, kwa Yusufu na kaka zake waliomuuza Misri. Miaka mingi baadaye, baba yao alipokwisha kufa nao wakiogopa kisasi, aliwaambia: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Hakuwaambia kwamba hawakukusudia mabaya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafuata njia hiyohiyo: Mungu aliyaruhusu matendo yaliyotokana na upofu wa waliomuua Yesu ili atimize mpango wake wa wokovu. Nao Waprotestanti wa mrengo wa Calvin, ambao hakuna wanaowazidi kwa kusisitiza kwamba Mungu amekusudia yote, waliandika katika Ungamo la Westminster la 1646 kwamba Mungu si mwanzilishi wa dhambi.

Kuna ushahidi mwingine tunaoupita kila Jumapili. Mbali na Yesu, Kanuni ya Imani inataja wanadamu wawili tu kwa majina. Mmoja ni Maria. Wa pili ni Pontio Pilato, liwali wa Kirumi aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Alinawa mikono mbele ya umati ili ajitoe kwenye kesi, na karibu miaka elfu mbili baadaye Wakristo bado wanamtaja kwa jina.

DHANA: Mungu Baba alikuwa na hasira, akataka damu, akamtoa Mwana asiye na hatia.

Nimelisikia hili likipigwa kwa spika stendi, na kusema kweli wahubiri wake hawakosi aya. Isaya 53 inasema Bwana aliridhika kumchubua. Tatizo ni kumweka Baba upande mmoja na rungu, na Mwana upande wa pili kama mateka. Imani ya Utatu hairuhusu picha hiyo. Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Katika Yohana 10:18 Yesu anasema juu ya uhai wake kwamba hakuna amwondoleaye, bali anautoa mwenyewe. Kule Getsemani aliomba kikombe kimwepuke, na hofu yake ilikuwa ya kweli, lakini aliyemalizia "si kama nitakavyo mimi" ni yeye, kwa hiari yake.

Tena hakuna maelezo moja ambayo Wakristo wote wamekubaliana kuhusu namna msalaba unavyookoa. Mababa wa kanisa la mwanzo walipenda kusema juu ya fidia na ushindi dhidi ya mauti. Waorthodoksi hadi leo huimba wakati wa Pasaka kwamba Kristo kwa kifo amekikanyaga kifo. Mwishoni mwa karne ya 11, Anselm wa Canterbury alieleza kwa hoja ya heshima ya Mungu iliyovunjwa na deni ambalo mwanadamu hakuweza kulilipa. Wanamatengenezo wa karne ya 16, yaani Waprotestanti wa kwanza, wakakazia adhabu iliyobebwa kwa niaba yetu. Kati ya mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu) saba ya mwanzo ya kanisa zima, hakuna uliochagua mojawapo.

DHANA: Wayahudi ndio waliomuua Yesu.

Kusulubiwa ilikuwa adhabu ya Warumi, na hukumu ilitolewa na Mrumi. Yesu, mama yake na mitume wote walikuwa Wayahudi. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba mateso yake hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Ingia katika parokia yoyote ya Kikatoliki jijini, iwe Mtakatifu Yosefu pale karibu na bandari au ya Gongo la Mboto, saa tisa alasiri ya Ijumaa Kuu. Siku hiyo hakuna Misa. Mateso husomwa kwa kugawana sauti, na yanapofika maneno ya umati, waumini ndio wanaoitikia: "Msulibishe! Msulibishe!" Mama aliyefunga kitenge, mwanafunzi, mzee wa kamati, wote.

DHANA: Bila dhambi ya Adamu, Mwana wa Mungu asingekuja kabisa, hilo halina mjadala.

Mjadala upo. Thomas Aquino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliona Maandiko yanaelekea huko, lakini akakiri kwamba Mungu angeweza kuja hata bila dhambi. Mfransisko John Duns Scotus, aliyefariki 1308, alishikilia kwamba Mwana angetwaa mwili kwa vyovyote, maana upendo wa Mungu haukungoja kosa letu. Wote wawili wanaheshimika, na hakuna aliyetangazwa mzushi.

DHANA: Kama msalaba ulipangwa, basi kila baya linalotupata limepangwa vilevile.

Hapa ndipo panaponikera. Dereva anayapita magari mengine kwenye kona, watu wanakufa, na chini ya turubai la msiba mtu anashika kipaza sauti na kusema kazi ya Mungu haina makosa. Mke anapigwa, anaambiwa auchukue msalaba wake. Msalaba umegeuzwa kuwa kinga ya wakosaji, wakati Petro aliyeuita mpango wa Mungu aliwaambia wahusika watubu.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji hili, lilianguka. Watu 36 walikufa. Waliohusika na ujenzi walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za kuua bila kukusudia. Kwa imani ya Kikristo kesi kama hiyo haigongani na kukiri kwamba Mungu anatawala. Hata Yesu alizungumzia maafa ya namna hiyo. Mnara ulianguka Siloamu ukaua watu kumi na wanane, naye akawauliza waliomsikiliza: mwadhani wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, "Sivyo". Hakusema Mungu aliwapangia. Aliwaambia waliobaki hai watubu.

Ahadi iliyopo, ile ya Warumi 8:28, ni kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Aya hiyo haisemi kwamba mambo yote ni mema, wala kwamba kila tofali liliangushwa na yeye.

Na ule mstari wa msibani, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", una mwenyewe. Ni maneno ya Ayubu, sura ya kwanza. Kufikia sura ya tatu analaani siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo anamdai Mungu majibu sura kwa sura. Wanaompa maelezo ya kwa nini yamempata ni rafiki zake watatu. Sura ya 42, Mungu anawaambia hasira yake imewaka juu yao, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu.