Mashine ya mbao ya nje inapiga kelele: tunayoamini kuhusu waranti na ukweli wenyewe

Karakana za Keko pale Dar, na nyingine kibao kuanzia Mwanza mpaka Nairobi, siku hizi zina mashine za kuranda na misumeno ya meza iliyoagizwa moja kwa moja China, hasa Foshan na Qingdao ambako viwanda vya mashine za mbao vimejazana. Nyingi ni mashine nzuri tu. Shida inaanza siku imewashwa ikatoa mlio wa ajabu, hapo kila mtu ana lake, fundi umeme anasema hivi, jirani anasema vile, muuzaji kwenye WeChat anajibu usijali rafiki halafu kimya. Naandika haya kwa sababu mafundi wanapoteza haki yao kwa maneno ya kijiweni, na hela yenyewe mara nyingi ni mkopo wa VICOBA ambao marejesho hayasubiri mashine ipone.

Dhana: "Mashine mpya lazima ipige kelele, itazoea yenyewe"

Hii inaumiza wengi kwa sababu ina ukweli kidogo ndani yake. Mkanda wa V ukikaa umekazwa kwenye puli mwezi mzima baharini unashika umbo la pale ulipokaa, kwa hiyo siku ya kwanza mashine inagonga tap tap tap, ukiiacha izunguke bila mzigo mkanda ukapata joto mlio unapungua wenyewe. Huo ndo wa kuvumilia. Mlio wa chuma kukwaruza chuma, mluzi unaopanda kadiri spidi inavyopanda, au mtetemo ambao sarafu ukiisimamisha juu ya meza inaanguka, hivyo havizoei, vinazidi. Na wakati wewe unasubiri izoee siku za waranti zinayoyoma. Soma vizuri karatasi yako, kuna mikataba inaanza kuhesabu tarehe mzigo ulipopakiwa melini na sio siku ulipofika kwako, yaani kabla hujaichomeka ukutani umeshaliwa wiki kadhaa.

Dhana: "Waranti ya mwaka mmoja maana yake fundi wao atakuja"

Haji. Waranti ya kiwanda cha nje kwa kawaida ni ya kipuri tu, wanakutumia kifaa kilichokufa na kazi ya kufunga ni yako, na nauli ya kipuri mara nyingi ni yako pia kama hamkuandikiana. Mkanda, visu, kaboni za mota na vitu vingine vinavyolika kwa matumizi huwa vimetolewa kabisa. Halafu zile mashine anazotuma ndugu yako aliyeko Marekani au Uingereza, zile za kwenye kontena la familia, waranti yake mara nyingi inafanya kazi nchi ilikonunuliwa tu na kwa mnunuzi wa kwanza, sasa jina lililoko kwenye risiti ni la shemeji yako aliyeko Ohio na mashine iko Tanga, hapo hata kama haijamaliza wiki usitegemee kitu.

Ambacho watu hawafanyi ni kujadili mapema. Kabla hujatuma hela ya awali mwambie muuzaji aandike kwenye invoisi: waranti inaanza siku gani, nauli ya kipuri nani analipa, na atie ndani ya kasha seti ya beringi, mkanda wa akiba na kapasita. Wakati bado anaitaka hela yako anakubali kirahisi sana. Na kama umeagiza kupitia Alibaba, ule ulinzi wao wa malipo upo kama ulilipia ndani ya mtandao wao, ukimtumia hela pembeni kwenye akaunti yake binafsi kwa sababu kakuahidi punguzo umejitoa mwenyewe. Tena sio waranti ule, una dirisha lake fupi baada ya mzigo kufika, ndo maana mashine usiiache kwenye boksi miezi miwili ukisubiri kibanda kiishe kujengwa.

Ukinunua kwa duka la hapahapa mambo ni tofauti. Sheria ya mauziano ya bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya, inasema ukimweleza mwenye duka unataka mashine kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, basi inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Kwa hiyo akikwambia wasiliana na Wachina usikubali haraka, aliyekuuzia ni yeye. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siku ya kwanza, bila hiyo huna pa kusimamia hata ukienda Tume ya Ushindani.

Dhana: "Ikilia ni beringi"

Hapa ndo nataka tukae kidogo, maana nimeona beringi nzima kabisa zinapigwa nyundo zitoke kumbe tatizo ni skrubu moja ya puli.

Anza na jambo dogo, washa mashine, iache ishike spidi, kisha zima ukiwa unasikiliza. Kama mlio unakatika papo hapo umeme unapokatika huku mashine bado inazunguka, huo ni wa umeme, uko ndani ya mota. Kama unaendelea na kushuka taratibu pamoja na mzunguko mpaka mwisho, huo ni wa chuma: beringi, puli, mkanda, visu. Kipimo hicho hakihitaji hata spana, na ukikirekodi video kiwandani wanakielewa bila mkalimani.

Kisha chomoa umeme, uchomoe kweli sio kuzima swichi, vua mkanda, washa mota peke yake. Ikitulia, mota haina kosa, tafuta kwenye shafti ya visu na puli. Ikiendelea kulia, tatizo liko kwenye mota. Ukishachomoa tena zungusha shafti ya visu kwa mkono, taratibu, na vidole viwe mbali na makali. Beringi mbovu unaihisi mkononi kama kuna mchanga ndani, na shafti ukiisukuma juu chini isiwe na mchezo.

Kabla ya beringi angalia haya. Skrubu ya alen inayoshika puli kwenye shafti, safari ndefu inailegeza na puli inagonga vibaya sana. Puli mbili kuwa kwenye mstari mmoja, weka rula ndefu ya chuma ubavuni mwa zote mbili uone kama inagusa sawa. Feni ya nyuma ya mota, kava lake likibonyea melini linagusa mapanga na kelele yake inatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Miguu minne kukaa sawa chini, maana sakafu zetu nyingi mwinuko na mashine ikiyumba inanguruma hata kama ni nzima. Na vifungo vya kusafirishia, kuna mashine zinafungwa boliti au vipande vya chuma vya kuzuia meza isitembee njiani, mara nyingi vina rangi nyekundu, watu wanaviacha humohumo.

Visu navyo. Kisu kimoja kikichomoza kuliko wenzake kinapiga mbao peke yake, mashine inatetema na mbao inatoka na mawimbi. Huo mlio unaupata wakati wa kuranda tu, bila mbao mashine ni tulivu. Hapo hakuna cha waranti, unapanga visu upya.

Mota inayovuma bila kuzunguka ni habari nyingine na ni ya haraka. Kwa umeme wa njia moja (single phase) angalia kapasita kwanza. Kwa njia tatu (three phase) inawezekana njia moja imekatika, labda fyuzi, labda waya umelegea kwenye swichi, zima hapohapo kwa sababu ikiendelea hivyo inaungua muda mfupi tu, na mota iliyoungua kwa umeme wako hakuna kiwanda kitakachokulipa.

Dhana: "Volti zinalingana, kwa hiyo umeme unalingana"

Kwenye kibati cha mota usisome volti peke yake, soma na Hz, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde. Huku kwetu ni volti 230 na Hz 50. Oman na Dubai nao ni 50, mashine iliyotumika ikitoka huko haina noma. Ila Saudia ni Hz 60, Korea Kusini ni volti 220 na Hz 60, kwa hiyo unaweza kuona volti zinakaribiana ukafurahi, ukaichomeka, mota ikavuma kwa sauti nzito na kuchemka bila hata mzigo. Ile iliyoandikwa mizunguko 3450 kwa dakika kwa umeme wetu inazunguka kama 2850 tu, visu vinaenda polepole na mbao haitoki laini. Sio mbovu, imetengenezewa umeme mwingine, na transfoma inabadili volti tu, Hz haiigusi. Ukiagiza China mwambie muuzaji kwa maandishi Hz 50 na njia ngapi, maana kiwanda kilekile kinatengeneza na za soko la Marekani.

Dhana: "Ina CE na TBS walipitisha, nikipata shida watanilipa"

Hapana. CE ni tamko la mtengenezaji kwa soko la Ulaya. Ukaguzi wa TBS kabla ya mzigo kusafirishwa, na ule wa KEBS kwa Kenya, unaangalia bidhaa kufuata viwango. Waranti ni wewe na muuzaji wako.

Dhana: "Ukigusa spana tu waranti imekufa"

Kukaza mkanda, kusawazisha puli, kupanga visu, hizo ni kazi za mtumiaji na kitabu cha mashine chenyewe kinaelekeza. Kinachoua waranti ni kufungua mota, kuchana stika za kiwanda, au kuchomelea. Ukiwa na wasiwasi uliza kwanza na upate jibu la maandishi. Tuma kila kitu kwa mpigo mmoja: picha ya kibati chenye siriali namba, invoisi, video ya mlio mashine ikiwa na mkanda na ikiwa haina, video ya kuzima, na volti ulizopima mashine ikiwa kwenye mzigo. Ujumbe wa "mashine yenu mbovu inapiga kelele" unajibiwa na maswali kumi, siku kumi. Kumbuka China wako mbele yetu masaa matano, kwa hiyo andika asubuhi, na kipindi cha mwaka mpya wao, Januari au Februari, viwanda vinafungwa wiki nzima na zaidi.

Dhana: "Kelele ndo nguvu, ukizoea husikii"

Ukizoea sikio linakuwa linakufa. Wataalamu wa afya ya kazi Marekani wanaweka kikomo desibeli 85 kwa masaa nane, na kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu, na mashine ya kuranda kufika huko ni rahisi. Vaa kinga ya masikio, na vijana wa karakana wape pia.

Dhana: "Spea lazima itoke kiwandani"

Kipuri kikiwa cha bure forodha bado wanakipa thamani, kwa hiyo usishangae kuombwa ushuru. Na kama ni beringi kweli, hizo ni saizi za dunia nzima. 6205 ni tundu milimita 25, nje 52, upana 15, iwe imetengenezwa Sweden au Japani. Kuanzia 04 kwenda juu, namba mbili za mwisho zidisha kwa tano unapata tundu, 04 ni 20, 06 ni 30. Nenda maduka ya spea, kwa Dar ni pale Gerezani, na ya zamani mkononi, chukua yenye mpira pande zote, ile ya 2RS, kwa sababu vumbi la mbao linaingia kila mahali, na epuka ya bei ya kutupa maana feki ziko nyingi. Ila kwanza muulize muuzaji kama atakurudishia hela ya beringi, mara nyingi inamgharimu kidogo kuliko kutuma nyingine, na ile mbovu usiitupe wala usiioshe grisi, iweke kwenye mfuko mpaka akujibu.